Kilatini Changu cha Nusu Kilimzika Shemeji Akiwa Hai

Nimekosa, jamani. Tena si kosa la kuteleza, ni kosa la kiburi, nililitenda macho makavu mbele ya watu walioniamini. Padre nimeshamwambia na ameniondolea dhambi. Lakini yale niliyoyasababisha yapo palepale, ndiyo maana nakuandikia wewe usiyenijua. Jina langu niachie. Ukifika Ilomba ukaulizia habari hii, utatajiwa kabla hujaketi.

Nilikuwa mwanafunzi wa seminari kule Uhehe, mbali kidogo na mji wa Iringa. Kwetu ni Ilomba, nje ya mji wa Mbeya, ingawa kabila letu ni Wanyakyusa tuliohamia. Nilitaka kuwa padre. Watu wa nyumbani walilitaka hilo kuliko mimi.

Tulipopanda madarasa ya juu, Padre aliyetufundisha Kilatini, mzee wa Kizungu mwenye kikohozi kisichopona, alituambia kwamba sasa tumekomaa. Tutasoma tenzi za kale za Warumi, zile ndefu za vita na safari za baharini. Maneno yake ni mengi mno, na yeye alikuwa na njia yake ya kuyatia kichwani. Alianza na yale yanayojirudia zaidi, na alitufundishia shambani. Tunajipanga mstari na majembe, yeye anapita nyuma yetu akitaja neno. Jembe likishuka, unajibu maana.

Ensis! Upanga. Vulnus! Jeraha. Unda! Wimbi. Umbra! Kivuli cha mfu. Letum! Kifo. Ukikosea unarudi mwanzo wa tuta.

"Mkiyajua haya mmepata nusu ya utenzi," alikuwa akituambia. "Nusu nyingine inakuja polepole, kwa kamusi na kwa unyenyekevu."

Ile nusu ya kwanza niliinywa kama togwa. Ya pili sikuwa na haraka nayo. Na hapo nisikilize vizuri, ndugu yangu, kwa sababu msiba wote umeanzia hapo. Katika utenzi wa vita, maneno yanayojirudia ni ya kuua, kufa, kulia na kuzama. Mtu aliyerudi kwake salama, akala, akalala, hatajwi mara nyingi. Kwa hiyo mimi nilikuwa bingwa wa vifo. Mambo ya uzima sikuyajua hata kidogo.

Siku moja darasani Padre alituchekesha. Alisema watu wa zamani, hata wafalme, walikuwa wakifumba macho, wanaufungua utenzi popote, wanaweka kidole, na mstari ulioguswa wanaufanya utabiri. Alicheka upuuzi wao mpaka kikohozi kikamshika. Wenzangu wote walicheka. Mimi sikucheka. Nilihisi ubaridi mgongoni, na nikapenda ule ubaridi. Mungu anisamehe!

Wa kwanza kuniomba nimfungulie alikuwa Benedikto, kijana wa Kihesa, mcheshi wa darasa zima. Alitaka kujua kama ataufikia upadre. Tulikuwa tumeketi nyuma ya zizi la ng'ombe baada ya kazi. Akafumba macho, akaweka kidole, nikasoma: mtu ametupwa mbali na nchi yake, anatangatanga. Benedikto alicheka, lakini cheko lenyewe lilikatika njiani. Kabla ya mvua kwisha mapadre walimkuta na tumbaku, wakamfukuza seminarini.

Unajua nilichohisi? Sikuhisi huruma. Nilihisi nimekuwa mtu! Toka siku hiyo wenzangu walinipisha mlangoni, na waliponiona na kile kitabu mkononi walinyamaza. Wangapi wetu tumepotezwa na kunyamaziwa?

Likizo ilipofika nilifanya wizi. Nilikifunga kitabu cha maktaba ndani ya shuka, nikapanda nacho lori la kwenda Mbeya. Tulikwama Nyololo kwenye matope, ukungu umeshuka hata taa za lori hazioni mbele. Abiria walikuwa wakimwomba Mungu. Mimi nilikuwa nimekumbatia shuka langu, nawaza jinsi nitakavyowashangaza watu wa Ilomba.

Sasa nikueleze kuhusu dada yangu Sekela. Ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa akiugua. Aliolewa na Asajile, mwanamume mpole, mchapakazi, aliyekwenda kwenye migodi ya Sauzi kama vijana wengi wa kwetu. Mwanzoni salamu zilikuja kupitia waliorudi. Halafu zikakatika. Kimya kikawa kirefu mpaka ukoo wa mume ukaanza kusema Asajile amekufa, na kwamba Sekela arithiwe na kaka mkubwa wa Asajile. Kanisani jambo hilo halikubaliki, lakini ukoo nao una kanisa lake. Sekela aligoma. Kila jioni alipika ugali uliozidi, anasema mwenyewe akija akute chakula.

Habari za kitabu changu zilinitangulia. Siku ya pili tu dada alikuja kuniita. Mvua ilikuwa ikinyesha mchana ule, mlima umefunikwa wote. Nyumbani kwake nilimkuta mkwewe, shangazi zetu wawili, na yule kaka wa Asajile amesimama mlangoni, hakutaka kuketi.

"Mdogo wangu," Sekela akaniambia, "wanasema kile kitabu ya mapadre inajua watu walioko mbali. Nisomee. Hata kama ni mabaya, mimi nataka kujua."

"Dada, ni kitabu cha zamani tu," nikasema. Nilisema hivyo, kweli, Mungu ni shahidi wangu! Lakini nilisema kwa sauti ya mtu anayetaka kubembelezwa.

"Gwe, usituringie," shangazi akanikatiza. "Ulipelekwa shule ufiche?"

Nikakifungua. Sekela akafumba macho, akaweka kidole. Mkono wake ulikuwa ukinuka moshi wa kuni.

Nikatazama. Sikujua neno hata moja la mstari ule! Wala wa juu yake, wala wa chini. Hayakuwa maneno tuliyolimia. Wote walikuwa wakinitazama mdomoni. Lilikuwa neno moja tu la kusema, nalo ni fupi: sijui. Ningelisema, tungecheka, tungekunywa chai, na leo nisingekuwa nakuandikia.

Sikulisema. Nikateremsha macho taratibu, nikashuka ukurasa, nikafunua mwingine kana kwamba ndiyo taratibu yenyewe, mpaka nikaona wale rafiki zangu wa shambani. Umbra. Letum. Nikasoma kwa ile sauti ya misa, kwanza Kilatini, kisha Kiswahili: kivuli chake kimeshuka chini ya ardhi, kifo kimemfumba macho mbali na kwao.

"Chini ya ardhi," mkwewe akanong'ona. "Mgodini."

Yule kaka mlangoni akasema "Amina" kabla hata sijafunga kitabu. Neno hilo lilinitia hofu. Niligeuka kumwangalia, naye akageukia mvua.

Sekela hakupiga kelele. Aliinuka, akaenda jikoni, akaepua chungu motoni, akamwaga maji yaliyokuwa yakichemka ya ule ugali uliozidi. Ndipo shangazi zangu walipoanza kulia.

Matanga yalifanyika wiki hiyohiyo. Ngoma za msiba zilipigwa, Sekela akanyolewa nywele. Watu walinishika mkono wakiniambia, "Ndaga fijo, baba, umetutoa gizani." Asante sana, eti! Na mimi nikaitikia.

Niliporudi seminarini nilikirudisha kitabu mahali pake, lakini ule mstari wa kwanza ulikuwa ukiniwasha. Nikachukua kamusi, nikatafuta neno moja moja, kwa jasho, kama Padre alivyotufundisha. Walikuwa mabaharia waliookoka tufani. Wamefika pwani, wamewasha moto, wanachoma nyama, wanashiba, wanalia kwa furaha ya kuwa hai.

Hapo ndipo ningeweza kujiokoa. Sisemi kwamba mstari ule ulikuwa utabiri wa kweli. Kitabu hakikumjua Asajile, si kwa kifo wala kwa karamu. Lakini nilijua kwa hakika kwamba nimedanganya, na dada alikuwa bado hajahamishwa nyumba. Barua moja tu ya kusema "nilidanganya, msinisikilize" ingetosha. Niliishika kalamu. Nikawaza kicheko cha shangazi, nikawaza uso wa yule kaka. Nikaiweka chini. Kosa la kwanza lilikuwa la papara. Hili la pili nililifanya nimetulia, na ndilo linaloniamsha.

Likizo iliyofuata nilimkuta Sekela kwa kaka wa Asajile, mjamzito. Alinisalimu kwa adabu. Nilimuuliza kama yuko salama, akanijibu kwamba mjane hachagui.

Na mimi nikiwa palepale nyumbani, Asajile akarudi.

Alishuka kwenye lori la waliotoka kusini kupitia Tunduma, mabegani blanketi, sanduku la bati mkononi, anachechemea. Alivunjika mguu mgodini, akalazwa muda mrefu, na salamu alizozituma kwa wenzake hazikufika. Watoto walimkimbia wakipiga mayowe ya mzimu. Watu wazima nao walijifungia. Alikwenda nyumbani kwake akakuta majani yameota jikoni. Jirani mmoja akajikaza, akamwambia yote.

Alinifuata kwetu. Nilikuwa napasua kuni. Nikamwamkia, "Shikamoo, shemeji," na shoka likaniponyoka.

"Marahaba. Ni wewe ulisoma?"

"Ni mimi."

"Kitabu ilikuwa imeandika jina yangu?"

"Hapana."

"Sasa ulijuaje ni mimi?"

Nikainama kuokota shoka. Mimi, bingwa wa Kilatini! Alisubiri. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo, heri angenipiga. Kisha akajitwisha sanduku lake. Alilipeleka hadi mlangoni kwa kaka yake, akalitua, akasema kwa sauti kwamba vilivyomo ni vya Sekela. Sekela alikuwa ndani. Alisikia sauti yake. Walimzuia kutoka, na kwa hali aliyokuwa nayo angetoka vipi? Asajile akarudi barabarani na ule mguu wake, akasubiri lori la kwenda kusini.

Nilimfuata Sekela baadaye kumwomba radhi. "Usiniambie pole kwa mdomo huo," akanijibu, akafunga mlango.

Niliporudi seminarini nilikwenda kwa Padre Mkuu, nikasema yote, na wizi wa kitabu. Hawakunifukuza kwa ukali. Walinipa nauli na baraka, wakaniambia altare si mahali pa mtu kama mimi. Baba alinipokea, na hata leo hana neno na mimi zaidi ya kazi za shamba.

Kisha tarishi wa Bomani akaja na habari. Mgodi ulimwangukia Asajile. Safari hii ni kweli, kuna karatasi yenye mhuri na jina lake.

Mama yangu alipendekeza matanga. Wazee wa ukoo wakakataa. Mtu haliliwi mara mbili, walisema, huko ni kuita kifo kingine. Hakuna ngoma iliyopigwa. Sekela, mke wa mtu mwingine, na mtoto mchanga mgongoni, hakuruhusiwa hata kujifunga kamba ya msiba kiunoni. Nilimwona akipalilia migomba siku nzima, anapalilia pale ambapo palikwisha kupaliliwa. Asajile angekuwa amelala kwake, na mkewe, na mguu wake mbovu, kama si mimi. Alirudi kule kwa sababu yangu. Nilimwua kwa nusu ya lugha!

Unadhani watu wa Ilomba wamenichukia? Ningeshukuru! Wao wanasema, "Kitabu hakikukosea, kiliwahi tu." Sasa wanakuja wengine. Wanakuja na kuku, na ndizi, wanasema najua kusoma watu walioko mbali. Nikiwaambia kitabu sinacho tena, wanasema basi kiko kichwani.

Majuzi alikuja mama mmoja, mwanawe wa pekee yuko migodini. Nilimketisha, nikampa maji, nikamwambia ukweli wote kwa upole: "Mama, sijui. Sikuwahi kujua. Mwanao huenda ni mzima kabisa." Aliyaweka maji chini bila kuyanywa.

"Umeona," akasema. "Umeona, unanihurumia tu." Akajifunika kanga usoni, akatoka kwangu analia. Jioni hiyo nikasikia wamekusanyika kwake kumlilia mwanawe.

Ndugu msomaji, hasa wewe uliyesoma kidogo mahali ambapo wengi hawakusoma: watakuuliza mambo, na watakutazama mdomoni. Kama hujui, sema hujui. Liseme mapema, siku ya kwanza, wakucheke, yaishe. Ukingoja mpaka wazoee kukuamini, utalisema na watakwenda kuchimba kaburi.