Tambuu ya Mke Mdogo

Wivu una sura nyingi, lakini wivu wa Mwanamina wa Mbwera, miaka ile ya Mwingereza, ulikuwa na lake: alimwonea mke mwenzake jinsi anavyoweza kuacha tambuu.

Msimu uliopita, akiamia mpunga, akifukuza ndege, juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu shambani, Mwanamina alitema mate mekundu ya tambuu, yakatua kwenye kanzu ya mgeni aliyesimama chini. Mumewe, Abdulkarimu, hakusahau aibu ile. Mwaka huu akawaambia wake zake: atakayeacha tambuu ndiye atakayepanda naye dunguni mpaka mavuno, mwingine atabaki na mama mkwe.

Semeni, mke mdogo, aliacha kama mtu anayevua ushungi, akaendelea kuimba huku akitwanga. Mwanamina kichwa kilimgonga, akagombana hata na kuku. Kila aliposikia wimbo ule, roho ilimuuma.

Lazima kuna dawa, akawaza, akaenda dukani kwa Jena, mke wa Gulamrasul, aliyewauzia tambuu wote wawili.

"Bibi Jena, nipe na mie dawa uliyompa mwenzangu."

Jena akacheka. "Dawa gani? Semeni hajapata kununua tumbaku kwangu. Yake jani, popoo na chokaa, basi. Wewe watia tumbaku. Yapanda kichwani upesi, yashuka upesi, halafu yakudai tena. Popoo nayo yashika, lakini si hivyo. Na kasumba, ile afyuni, ndiyo mama yao. Marehemu baba yangu alipoikosa alitapika na kulia kama mtoto."

Mwingine angekwenda kumweleza mumewe kwamba mashindano hayakuwa sawa. Mwanamina alirudi na kipande cha tumbaku kali. Alifunga tambuu, tumbaku katikati, akampelekea mwenzake huku anatabasamu. Acha anaswe na yeye!

"Dada, si tumeacha?"

"Moja tu, mwenzangu. Mume kaenda kukata boriti."

"Haya, lete. Kesho nitaacha tena."

Neno lile lilimchoma Mwanamina kuliko yote.

Semeni akatafuna, akameza mate. Jasho likamtoka, dunia ikamzunguka, akatapika mlangoni. Mama mkwe, Bi Mwanawetu, akatoka mbio jikoni, akamwona mkaza mwanawe kajishika tumbo, akapiga kigelegele kilichofika mpaka kwenye mikoko. Nyumba ile ilikuwa imengoja mtoto miaka mingi.

Abdulkarimu akaja anahema, akaelezwa, machozi yakamlengalenga. Semeni mwenyewe alikwisha amini. Alilipapasa tumbo lake na kucheka.

"Semeni atapanda nami dunguni," Abdulkarimu akasema. "Nawe Mwanamina, mke mkubwa, uje umpikie. Asiguse chungu."

Kusema kweli kungekuwa kujitia kitanzi.

"Hongera, mwenzangu," akasema Mwanamina, na mkono wake ulikuwa umekwisha ingia kwenye pindo la kanga, unatafuta tumbaku.