Dole Gumba la Dobi

Shangazi yangu alianza kufua mashuka ya hoteli kabla mimi sijazaliwa. Hoteli ilipofungwa, tajiri akatoweka na faili zote, na watu wa pensheni wakamwambia alete ushahidi kwamba aliwahi kuajiriwa. Ushahidi uliobaki ulikuwa kumbukumbu zake katika ofisi ya kodi, maana kodi alikatwa kila mwezi. Kukata hawasahau, hao. Asipozipata, atazeeka akitegemea watoto wa kaka yake, na mimi ni mmoja wao, naijua mifuko yetu.

Alivaa gauni lake la kwendea misibani, limenyooshwa pasi barabara. Dirishani pa ofisi ya kodi tulimkuta karani mpole, na mbele yake kimashine cha alama za vidole.

"Weka dole gumba, mama."

Akaweka. Taa nyekundu.

"Futa jasho, ujaribu tena."

Akafuta. Nyekundu. Akajaribu cha shahada, cha kati, kisha mkono wa pili. Vyote nyekundu. Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna.

"Mama, bila alama siwezi kukupa. Nitajuaje kama ni wewe?"

"Mwanangu, kodi ya mtu mwingine niipeleke wapi?"

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Alikuwa akitazama vidole vyake, vilivyolika kwa sabuni na dawa ya madoa vikawa laini kama kipande cha sabuni kinachokaribia kuisha. Hasira zikanipanda. Kazi ileile aliyokuja kuithibitisha ndiyo iliyoula ushahidi.

"Tuitie mkuu wako," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya adabu.

Mkuu, mama wa makamo mwenye miwani, akaja na faili ya shangazi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa fomu ya siku alipoandikishwa kulipa kodi, na chini yake dole gumba la msichana, kila mstari unaonekana. Shangazi akaligusa.

"Kumbe nilikuwa nalo," akasema.

Mkuu akasoma palipoandikwa kazi: dobi. Akamshika shangazi mkono, akaugeuza kiganja juu, akautazama. Kisha akamsogezea kidau cha wino na karatasi ya kupokelea nakala za kumbukumbu zake.

Shangazi akabonyeza. Likabaki doa jeusi, halina hata mstari mmoja.

Mkuu akaandika pembeni mwa lile doa, "Ni yeye," akatia sahihi.