Barua Niliyoilainisha Barazani

Admin, nifichie jina, maana mtaa wetu ni mdogo na wengi watanijua. Mimi ni mzee wa miaka sabini na tisa, naishi Mji wa Kale, Mombasa. Mke wangu ametangulia na hatukujaliwa watoto. Nilikuwa karani wa kampuni ya uchukuzi kule Shimanzi, kazi yangu ikiwa kujibu barua za Kiingereza, nyingi za kodi na ushuru. Ndiyo maana miaka ya tisini kila aliyepata barua ya serikali aliileta barazani kwangu baada ya alasiri. Desturi ilikuwa isomwe mbele ya waliopo. Ukiomba kusomewa faraghani, watu walidhani una la kuficha.

Wanangu, niwaeleze kidogo, la sivyo hamtalielewa kosa langu. Kiingereza cha kodi kina neno "assessment". Hayo ni makadirio aliyokupigia ofisa, si hukumu. Ukiona amekosea, unaandika "objection", yaani pingamizi, ndani ya siku thelathini. Siku zikipita, makadirio yanakuwa deni. Tena kuna maneno mawili ambayo watu huyachanganya. "Avoidance" ni kupunguza kodi kwa njia iliyoruhusiwa na sheria, na halina aibu. "Evasion" ni kuikwepa kwa udanganyifu. Hilo ni kuitwa mwizi kwa lugha ya ofisini.

Rafiki yangu, nitamwita Salimu, alikuwa seremala wa milango ya nakshi, na karakana yake haikuwa mbali na Ngome ya Yesu. Siku moja alikuja na bahasha ya kahawia, akawaagizia watu wote kahawa. Alikuwa na mgeni, baba wa kijana aliyemposa bintiye.

"Haya, bwana Kizungu, nisomee," akaniambia. "Labda wanataka niwachongee mlango."

"Serikali haikuandikii kukujulia hali, yakhe," jirani mmoja akasema.

"Una wivu tu. Wewe hata bili ya maji huletewi."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshafika mstari wa tatu, na hapo lilikuwepo neno evasion, kando ya jina la Salimu. Makadirio yenyewe yalikuwa makubwa kupita kiasi. Mtu mwenye kujua kuandika angeyapinga kwa ukurasa mmoja, na mimi nilijua. Lakini nilimtazama yule mkwe mtarajiwa, kikombe mkononi, anasikiliza. Nikaikunja barua.

"Wanakukumbusha tu upeleke vitabu vyako, siku ukipata nafasi."

"Basi si neno," Salimu akasema, akaitia mfukoni.

Nilikusudia kumwambia tukiwa wawili. Baada ya magharibi aliondoka na mgeni wake. Kesho yake nilimfuata karakanani, nikamkuta anaimba huku akipiga randa, anatengeneza kabati la bintiye la harusi. Nikaona haya kumkatiza. Siku iliyofuata ikawa ngumu zaidi, maana ningelazimika pia kueleza kwa nini sikusema jana. Zikapita siku thelathini, zikapita nyingine nyingi. Barua zilizofuata hakuzileta kwangu wala kwa mtu, alidhani ni vikumbusho vile vile.

Kisha akaja dalali. Misumeno, patasi na milango iliyochongwa nusu ilipangwa barabarani, mtaa mzima unatazama. Aibu niliyotaka kumwepusha nayo mbele ya mtu mmoja ilimfika mbele ya wote. Salimu alisimama kando yangu.

"Si wewe ulinisomea? Walisema nikipata nafasi. Hawa wamenigeuka."

Nikamjibu, "Wamekugeuka."

Neno hilo linaniuma kuliko kuikunja ile barua. Posa ikavunjika. Salimu akafanya kazi ya kibarua kwenye karakana ya mwenzake Bondeni mpaka alipofariki. Kila tulipokutana aliniuliza hali yangu, na hakunilaumu hata siku moja.

Yule binti leo ni mama mtu mzima. Kila Ijumaa huniletea chakula, na nikiugua ndiye anayenipeleka hospitali. Mwezi uliopita alikuja na sanduku la bati lenye karatasi za marehemu.

"Shikamoo, ami. Barua hii ni wewe uliyemsomea baba?"

"Marahaba. Ni mimi."

"Kumbe alijua. Alikuwa na siku thelathini, akakaa tu. Miaka yote hii nimekuwa nikimtetea kwa watu, ami, nikisema alionewa. Kumbe ni ukaidi wake. Siku hizi hata kumsomea Fatiha naona uzito."

"Usimhukumu babako," nikasema.

"Usimfichie. Wewe hujui kuruka neno, mtaa mzima unajua."

Nikamsogezea chai.

Nikimwambia, huenda nikampoteza mtu wa pekee aliyebaki kunibishia hodi. Nikinyamaza, Salimu atakaa kaburini bila dua ya mwanawe, kwa kosa ambalo ni langu. Ijumaa atakuja na chakula changu, na ile barua ameiacha hapa mezani. Nyinyi mnaosoma, nishaurini: nimsomee upya, mstari wa tatu na yote, au nife nayo?