Mikaratusi Juu ya Tuta

Kwenye matanga ya shemeji yangu walisema ni mvua iliyomuua. Katekista akaongeza kwamba ni mapenzi ya Mungu. Nilitumikia ofisi ya ardhi hadi nilipostaafu, na sikubali uongo ukae mahali pa kumbukumbu. Wiki ile haikunyesha hata tone.

Bwawa lilikuwa la mdogo wangu, bondeni nyuma ya mtaa wa Kimemi. Tuta lake la udongo alilishindilia kwa miguu, yeye na mkewe. Bwawa likafuga tilapia, likanywesha kabichi na vitunguu, na wanawake wa bondeni wakaloweka humo mihogo yao. Kwetu, shamba lisilo na miti mpakani hualika ugomvi. Basi mikaratusi ikapandwa juu ya tuta lenyewe, safu moja iliyonyooka.

Agronomu, yaani bwana shamba, alipoiona ingali na kimo cha goti, alisema ing'olewe.

"Lakini nikitoa miti, kesho jirani atasema bwawa ni yake," mdogo wangu alimjibu. "Weye utakuya kunitolea ushahidi?"

Miti ikanenepa. Akaikata, akapasua mbao za nyumba. Visiki vikaozea ndani ya tuta, na mizizi ikaacha vijia vya maji.

Shemeji ndiye aliyeona kwanza. Nilipowatembelea kutoka Beni nilikoishi, alinipeleka chini ya tuta, akanionyesha maji membamba yenye rangi ya chai ya maziwa.

"Yaya, ona," alisema, akiniita kwa jina la heshima la mkubwa. "Zamani ilikuwa inatoka safi. Sasa inabeba udongo."

"Huyu mama!" mumewe akamtania. "Tuta ikitoka jasho, yeye anataka kuiita munganga!"

Nami nilicheka. Nikashauri tungoje kiangazi, ndipo tupunguze maji na kuchimbua visiki.

Siku ya nne baada ya hapo, asubuhi, jua likiwaka, tuta lilifunguka palepale penye kisiki. Shemeji alikuwa chini yake, akimenya mihogo. Tulimkuta mbali, kwenye mabiwi ya matope, kisu kikiwa bado mkononi.

Kumbukumbu iliyokatwa nusu nayo ni uongo, kwa hiyo naikamilisha. Miche ile niliileta mimi, ndani ya kikapu, kutoka Beni. Nilimwambia mdogo wangu kwamba karatasi za ardhi hupotea, mti haupotei, naye aipande juu ya tuta ili kila mtu aione. Alinitii kwa sababu mimi ni mkubwa wake, tena mtu wa ofisi.

Mpaka leo hajanikumbusha.