Mzee Kikopo na Minyoo wa Tangi

Kwa miaka thelathini na mmoja, fundi wa maabara wa zahanati moja alikuwa ametazama choo cha watu wa kila cheo. Walimwita Mzee Kikopo, kwa ajili ya vile vikopo vidogo ambavyo watu humletea wamevificha kiganjani kana kwamba wameviiba. Alikuwa akichungulia kwenye hadubini kufumba na kufumbua, kisha anatamka: safura. Au tegu. Neno "sijui" aliwaachia madaktari.

Sasa, ukumbini kwa wagonjwa kulikuwa na tangi la samaki wa maji ya chumvi, lenye mawe na matumbawe, ambalo daktari mkuu alilipenda kuliko wagonjwa. Asubuhi moja mtu akapaza sauti, "Jamani, humu mna minyoo!" Kweli walikuwamo mchangani, wekundu wekundu, urefu wa kucha, na vinywele kila upande. Ukumbi ukahama. Zahanati yenyewe ina minyoo, nani atatibiwa humo?

"Mtaalamu tunaye," alisema daktari mkuu, na Mzee Kikopo akaletewa mmoja, kwenye kikopo.

Alichungulia. Akafuta lenzi, akachungulia tena. Mnyoo alikuwa na miguu, tena mingi, pande zote mbili. Wa namna hii hakuwahi kumwona.

Mama wa usafi, ambaye ndiye huwalisha wale samaki, alikuwa akipiga deki mlangoni. "Hao hawana neno, mzee. Wanakula mabaki. Tangu waje, tangi halinuki."

"Mama, wewe minyoo umesomea wapi?"

"Sikusomea. Nawaangalia tu."

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na shahada ukutani. Fomu ya majibu ilikuwa na visanduku vitatu vya minyoo ya tumboni: tegu, safura, mchango. Angeweza kuandika pembeni kwamba huyu hamfahamu. Kalamu ilifika pale pembeni, nasema kweli, ikatua kabisa. Akawaza watu watakavyomcheka. Akatia alama kwenye tegu.

Daktari mkuu naye hakuuliza tegu amepata wapi miguu, alisoma fomu. Akapima maji ya tangi, akalihesabia dozi kama mgonjwa mnene wa kilo mia tatu, vidonge vya tegu vikasagwa vikamwagwa humo. Minyoo wakafa wote siku hiyohiyo. Mizoga yao ikaoza pamoja na mabaki ya chakula, maji yakageuka maziwa, na siku ya tano samaki walikuwa wanaelea kiubavu, hata yule wa njano aliyezoea kuwafuata watoto kwenye kioo.

Kikao kikaitwa. Daktari mkuu akasimama mbele ya tangi na kutangaza kwamba zahanati haina mnyoo hata mmoja. Samaki, alisema, ni madhara madogo ya dawa. Mzee Kikopo akakabidhiwa cheti, watumishi wakapiga makofi.

Mzee aliona aibu, aibu ya kweli. Alipogeuka aondoke, akakutana na mama wa usafi amebeba ndoo ya samaki, macho mekundu.

"Hongera, mzee," alisema, wala hakuwa na kejeli. "Kumbe walikuwa tegu! Na mimi nikawatetea. Ningewatoa hao minyoo mapema, samaki wangepona. Nisamehe, nilibishana na msomi."

Mzee Kikopo akafungua mdomo. Watu walikuwa bado wanamtazama.

"Usijali, mama," akasema. "Nimekusamehe."