Mgongo, Malengelenge na Faini ya Salamu

Kuna asubuhi moja naikumbuka kila ninapokuona ukipita hapa kwangu Kawetele, mwanangu, unakimbia huku umeshika kiuno na unachechemea kama jogoo aliyefungwa kamba. Asubuhi hiyo mimi niliteremka bondeni kwa mbio, nikapanda kurudi kwa kutambaa. Cheka tu. Hata mimi nikiikumbuka nacheka mpaka chai inanipalia.

Nilikuwa msichana wa umri wako, na mbio zilikuwa zimenikaa kichwani kuliko hata wavulana. Mwaka huo kulitangazwa mbio za vijana, kuanzia kwenye mashamba ya chai mpaka uwanjani Makandana. Nilizitaka mbio hizo kufa na kupona. Shida ilikuwa mama. Mchana nilichuma naye chai, tenga mgongoni, na jioni niliingia nyumbani nimejikunja kiasi kwamba mbuzi wetu angeweza kunipanda akidhani ni kichuguu. Mama hakulilaumu tenga, maana tenga ndilo lililotuletea chumvi na sabuni. Alizilaumu mbio.

"Tumpale," akaniambia, "nakuachia hizi za Makandana. Nitakuja kukuona kwa macho yangu. Ukimaliza nikakukuta umejikunja hivyo, mbio basi. Siwezi kuuguza mgongo wa mtoto na wangu unaniuma."

Mama yangu hakuwa mtu wa kurudia neno. Nikajua nina siku moja tu ya kumwonyesha, na baada ya hapo ama nakimbia maisha yangu yote ama naning'iniza viatu ukutani.

Basi nikaingia mazoezini kama mtu aliyerogwa. Na kikwazo changu kikubwa, kwa akili zangu za wakati ule, kilikuwa wazee. Unajua desturi yetu. Binti hampiti mzee hivi hivi. Unasimama, unachuchumaa, unasema "Mugonile", kisha unangoja uulizwe umelalaje, mama kalalaje, ng'ombe kalalaje, na mvua ya jana imeangusha migomba mingapi. Kutoka kwetu mpaka njia panda ya kuingia Bulyaga wazee walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na ng'ombe mwenye habari ndefu. Nilikimbia kidogo nikachuchumaa, nikakimbia kidogo nikachuchumaa. Nikasema moyoni, hawa watanikosesha ushindi.

Nikatafuta njia ya uani. Inapita katikati ya migomba, inashuka mteremko mkali mpaka kijitoni, halafu inapanda upande wa pili. Huko hakuna wa kusalimiwa isipokuwa vyura. Nikawa nakimbia bila kusimama hata mara moja, nikajiona mjanja sana. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikuwa nimewakimbia wakuu wenyewe, sijui nilitegemea kuvunjika nini.

Na miguu je? Ee mwanangu, miguu ilikuwa kilio. Huku kwetu mvua haiagi, nawe unajua. Raba zangu kuukuu zililowa kila siku, na kila jioni niliziweka kando ya mafiga zikauke. Zilikauka kweli, zikawa ngumu kama gome. Asubuhi naziingiza mguuni, naingia kwenye umande, na kabla sijafika kijitoni visigino vimeota malengelenge makubwa kama maharage. Nami, kwa ushujaa wa kijinga, nayatoboa kwa mwiba na kuendelea.

Lakini sandukuni nilikuwa na raba mpya! Nyeupe, kaka yangu aliniletea kutoka Mbeya. Hizo sikuzigusa. Tulilelewa hivyo, kwamba kitu kipya ni cha kanisani au cha sikukuu. Nilikuwa nafungua sanduku nazinusa, nafunga tena, naenda kuumia na zile za jikoni. Nilizitunza kwa ajili ya siku ya mbio, zikanipeleke Makandana zikiwa safi kama mayai.

Ndiyo nikafika kwenye ile asubuhi. Nilikuwa nashuka mteremko kwa kasi, mgongo ukakaza chini kabisa, hapo kiunoni, kama mtu kafunga fundo. Sikuweza kunyooka wala kuinama zaidi. Nikapanda kwa mikono na magoti, nikishika mashina ya migomba, nikatokea njia kubwa. Na kwa bahati yangu, sijui niseme njema au mbaya, nikatokea moja kwa moja kwenye ua wa Mzee Anyitike.

Mzee huyu alikuwa akisuka matenga ya chai, na alikuwa na hasira za karibu. Watoto tulimwogopa kuliko mbwa wake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anachana mianzi. Akainua kichwa.

"Nani huyo anatoka migombani kama ngedere?"

"Ni mimi, tata," nikasema, maana kwetu kila mzee ni baba. "Mugonile." Nikachuchumaa. Kushuka nilishuka, kuinuka ndiko kulikonishinda. Nikabaki pale chini nikijifanya nina adabu nyingi.

"Siku zote hizi sijakuona. Nilidhani umeolewa."

"Hapana, tata. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya kukimbia wazee?"

Akaniacha nichuchumae mpaka alipomaliza kuchana ule mwanzi. Ajabu ni kwamba nilipokaa vile, taratibu, lile fundo la kiunoni likaanza kulegea. Sikulitilia maanani. Nilikuwa nawaza atakavyonisemea kwa mama.

"Ningekutoza kuku," akasema, "lakini kuku ni wa mama yako, naye hana kosa. Faini yako utailipa kwa salamu. Mgongo huo ukipoa, utapita njia kubwa, kutoka kwenu mpaka njia panda, na kila mzee utamsalimia. Uchuchumae mpaka chini, halafu usimame wima. Si kupunga mkono kama mbunge aliye kwenye gari. Na nitawauliza!"

Nikainuka. Akanitazama nikigeuka kuondoka, akapiga ulimi.

"Wewe. Tenga umelitua jana jioni. Mbona mgongo bado umelibeba?"

Kumbe nilikuwa nakimbia vile vile ninavyochuma, kichwa mbele, mabega yamekunjwa, kana kwamba majani bado yananielemea. Hakuna aliyewahi kuniambia. Nikajinyoosha, akatikisa kichwa kukubali, kisha macho yake yakashuka miguuni. Damu ilikuwa imelowesha nyuma ya raba.

"Huna viatu vingine?"

"Ninavyo, tata. Vipya. Navitunza kwa siku ya mbio."

Mzee Anyitike alicheka! Sikuwahi kumwona akicheka, na nadhani hata mbwa wake hakuwahi, maana alisimama akaanza kubweka. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema alipopata pumzi. "Unataka ukawajue kunguni mbele ya watu wote wa Makandana? Vivae shambani. Vivae kisimani. Vikikuuma, vikuume hapa hapa nyumbani."

Nilikaa siku kadhaa bila kukimbia. Mama alinikanda mgongo kwa maji ya moto, akanisuta kila alipokamua kitambaa. Nikaosha vidonda kwa sabuni, nikavifunga kitambaa safi, na yale malengelenge ambayo hayajapasuka nikayaacha na ngozi yake. Kisha nikatoa raba nyeupe sandukuni.

Mwanangu, sijawahi kuchekwa vile. Hebu fikiria, msichana anateka maji kwa raba nyeupe! Anachuma chai kwa raba nyeupe! "Tumpale, leo Krismasi?" walikuwa wananiuliza wanawake shambani. Tope letu jeusi la Rungwe likazila siku ya kwanza tu, na mama alipoziona alikaa chini akashika tama kama aliyefiwa. Zilinibana kidogo kwenye kidole kidogo, nikalegeza kamba, nikapaka mafuta ya mgando hapo panapokwaruza, na kila nilipolowa nikabadilisha soksi. Zikikauka, zilikaukia kwenye upepo wa barazani, si motoni. Baada ya muda nikasahau kwamba ni mpya.

Faini nayo nikailipa. Asubuhi za kwanza niliilipa kwa kununa. Nakimbia, nasimama, nachuchumaa, nauliza habari za ng'ombe, nasimama wima, naanza tena. Lakini kila nilipoinuka kutoka kwenye salamu, niliinuka nimenyooka, maana mtu akitoka chini hana budi kunyooka. Na kila nilipoanza tena, nilianza bila lile tenga lisiloonekana. Siku moja nikafika njia panda nikagundua kwamba mgongo haujauma hata kidogo. Nilisimama pale peke yangu nikacheka kama mwehu. Kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi, na mimi nilidhani zile salamu zinanivujishia muda bure, kumbe zinanipunguzia mzigo.

Na wazee wakaanza kunizoea. Bibi mmoja alinikaushia soksi. Mwingine akanitolea ndizi ya kuchoma kila nilipopita. Nikawa siendi mazoezini tena, naenda kutembelea watu kwa mbio.

Siku ya Makandana ikafika. Alikuwapo msichana mmoja kutoka kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai, Ikupa, mwepesi kama swala. Alitutoka mapema. Mimi nikashika mwendo wangu, mwenda pole hajikwai. Tulipoacha mashamba na kuingia njia kubwa, mteremko wa njia hiyo ukaanza kunifinya kiunoni. Nikahisi fundo linarudi. Moyo wangu ukanishuka mpaka kwenye zile raba, maana nilijua mama anangoja uwanjani, na nilikumbuka alichosema.

Na kwenye kona iliyofuata, walikuwa wamejipanga wazee wangu wote kutazama mbio, Mzee Anyitike mbele na kigoda chake na mianzi yake mapajani. Mwanangu, mwili una mazoea. Kabla sijawaza lolote, nilikuwa nimesimama mbele yao, nimechuchumaa mpaka chini. "Mugonile!"

Watu walipiga kelele! Wasichana wawili wakanipita. Mzee Anyitike akaruka kutoka kigodani, mianzi ikamwagika miguuni. "Faini imekwisha! Nenda! Nenda, mtoto wewe, leo hatukudai!"

Nikainuka, wima. Fundo halikuwapo. Nikakimbia huku nacheka na machozi yananitoka, nikawapata wale wawili kabla ya kuingia mjini, nikapita katikati ya maduka watu wakishangilia, nikaingia uwanjani. Ikupa alikuwa amekwishafika. Mimi nilikuwa wa pili, na sikujali.

Nikaenda moja kwa moja kwa mama. Alikuwa amesimama kando ya uwanja, khanga imekazwa kiunoni, uso hausemi kitu. Nikachuchumaa kumwamkia, nikasimama. Akanizunguka nyuma, akaweka kiganja chake kwenye kiuno changu, akapapasa taratibu kama anayechagua parachichi sokoni. Kisha akainama, akanivua raba moja, akageuza kisigino akakitazama. Hakukuwa na kidonda. Akanivisha tena, akafunga kamba yeye mwenyewe.

"Haya," akasema. "Kesho uamke mapema. Njia ina wazee wengi."

Halafu akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka juu ya mlima Rungwe, na mimi sikuacha kukimbia mpaka magoti yenyewe yaliponiomba.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana hadithi bila neno la kubaki nalo ni kuteka maji kwa kikapu. Sisemi salamu ni dawa ya mgongo. Nasema usikimbie kana kwamba kusimama ni hasara. Simama njiani, chuchumaa, jinyooshe, tua tenga ulilosahau mgongoni, liwe la chai, la vitabu au la kuinamia simu hiyo siku nzima. Mgongo ukikaza upumzishe, lakini usilale kitandani kama gogo, tembea tembea. Maumivu yakishuka mguuni, au mguu ukifa ganzi, usije kwangu na usiende kwa mkandaji. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kiatu kipya kivae kwanza kwenye tope la nyumbani kabla ya kukipeleka mbele za watu, na kiwe na nafasi kidogo mbele ya vidole. Soksi ziwe kavu. Lengelenge liache na ngozi yake, na likipasuka lenyewe lioshe, ulifunike, ulipe muda.

Na zile njia za uani, ambako hakuna anayekujua, usizitegemee sana. Siku mgongo ukikukaza huko, vyura hawatakuinua.

Mwenyezi Mungu, Kyala wa baba zetu, akunyooshe mgongo na nia. Aifanye ngozi ya miguu yako iwe ngumu na moyo wako ubaki laini. Akupe pumzi ya kupanda na akili ya kuteremka, na kila utakapofika pawe na mtu anayekungoja kwa kigelegele.

Kesho asubuhi nitakuwa hapa hapa barazani. Siku zote hizi umenipita bila salamu, na mimi nimerithi hasira za Mzee Anyitike. Ndizi ya kuchoma ipo.