Siku Samaki Walipobadilishiwa Maji

Habari ya kifo cha rafiki yangu ilinikuta hapa Korogwe sokoni, fungu la nyanya mkononi, na aliyenipigia simu ni yule mama jirani yake wa Handeni, muuza maandazi. Kwa kawaida shikamoo ya mama yule ina kuulizia mke, wajukuu, mbuzi na mvua. Safari hii alisema tu, "Babu, Baba ametutoka. Presha." Hapohapo akaongeza, "Sasa hawa samaki wake nifanyeje?" Nikarudisha nyanya za watu nikaenda stendi. Njia nzima nilikuwa nikimkasirikia. Mtu kafa, wewe unauliza samaki? Leo simkasirikii tena, na nitawaeleza kwa nini, ila mnivumilie. Mimi niliishia darasa la nne, na mwalimu wangu alikuwa akisema huyu ukimtuma chaki anarudi na hadithi, chaki hana.

Marehemu tulijuana shambani Ngombezi, enzi zetu za mkonge. Mimi nilikuwa mkata majani, yeye alikuwa kiwandani anatia mashine mafuta. Kambi zile mnazijua wengine: mstari wa vyumba, kila mlango na kabila lake, ukuta mwembamba kiasi kwamba jirani akikoroga uji unajua kama ameutia sukari. Maisha ya namna hiyo hukufundisha ugomvi au hukufundisha kunyamaza. Yeye alijifunza kunyamaza. Ukimkanyaga mguu, anayeomba samahani ni yeye. Siku moja mwenzetu alimpikia ugali wa unga uliovunda, kwa kutojua, na yeye akaula wote, akashukuru, akaenda kutapika nyuma ya choo ili mpishi asione. Tulimcheka sana. Tukamwita mtu wa heshima. Hilo la ugali nimelikumbuka mno siku hizi, na sicheki.

Alipostaafu alihamia Handeni, kwao mkewe. Hawakujaliwa mtoto. Kisha mkewe akapigwa na kiharusi, upande mmoja ukalala na maneno yakaondoka. Alimzungusha hospitali huku na huku. Mama anakaa pale alipowekwa, macho yameganda ukutani, ukimsemesha hageuki. Siku moja wanarudi kutoka Lushoto, wakashuka Mombo wapate supu, na ile hoteli walimokaa ilikuwa na tangi la kioo lenye samaki wadogo wa rangi. Alinihadithia mwenyewe: "Nampulizia supu ipoe, namwona shingo inageuka. Anamfuata samaki! Akienda huku, jicho huku. Akirudi, jicho linarudi. Nilimwachia supu ikapoa kabisa." Kwa hiyo alikwenda kwa fundi vioo akaunganishiwa tangi lake, refu kama jeneza la mtoto, Mungu anisamehe mfano wenyewe. Akatia mchanga alioosha, mawe, majani ya majini, pampu ndogo ya hewa, na chujio la sponji. Akaliweka mbele ya kiti cha mkewe.

Msidhani lilikuwa jambo rahisi. Mwanzo alitia maji asubuhi na samaki jioni, wakafa. Akaambiwa maji hayo bado machanga, tangi liache likae na pampu yake wiki kadhaa, likomae. Akangoja. Halafu akaleta perege kutoka lambo, amchanganye na samaki wadogo wa rangi aliowapata, wenye mikia kama khanga. Perege akawakata mikia wote. Nilipomtembelea nikamkuta anamhamishia yule perege kwenye ndoo, anamwambia kwa upole, "Wewe hukulelewa kambini." Mwisho akapata wanaovumiliana: wale wa mikia, wale wembamba wenye mstari ubavuni wanaotembea kundi, na kambare mmoja mdogo wa kulamba chini. Mkewe akawa na kazi ya kutwa. Na alikuwa akitoa sauti, siyo neno, mguno tu, samaki wakisogelea kioo. Kwa ule mguno mzee yule angeweza kuchimba kisima kwa kijiko.

Lakini Handeni ni Handeni. Kule maji yanapanda punda, yanapanda toroli, yanakuja na boza siku likijisikia. Mtu anaamka kabla ya jogoo kupanga madumu foleni. Sasa wewe katikati ya kiangazi una sanduku la maji sebuleni, na ndani wanaogelea samaki ambao hata hawaliwi! Watu walisema. "Heri ningezaliwa samaki kwa Mzee," huyo kijana wa toroli. "Mie nimenawa uso kwa kikombe, yule kambare anaoga tangi zima," huyo muuza maandazi, na mdomo wake mnaujua kama mmewahi kumdai chenji. Yeye anacheka nao. Hakuwahi kuwaeleza kwamba hata hatumii maji mengi, kwamba anatoa kidogo tu na kurudishia kidogo, na yale anayotoa anamwagilia mchicha. Hakueleza kwa sababu kueleza ni kama kujibu, na kumjibu jirani yeye aliona ni utovu wa adabu.

Ndipo akaugua ngiri, akaletwa Korogwe kupasuliwa. Mama jirani, huyohuyo mwenye mdomo, akahamia kwake kumlea mkewe. Nilikuwa naenda kumtazama wodini, na hofu yake haikuwa kisu. "Nimewaambia chakula wawape kidogo. Nimesahau kuwaambia sponji wasiiguse." Nikamuuliza sponji ina nini. Akanieleza kwamba ule uchafu wa kwenye sponji na mawe ndio unaowatunza samaki, una vijidudu vinavyokula sumu ya kinyesi chao. Ukiusafisha wote umewaua. Na maji yenye dawa hayatiwi hivihivi, yaanikwe juani kwanza. Nikamwambia basi piga simu useme. Akaangalia dari. "Mtu analala kwangu, anamgeuza mke wangu ubavu, halafu nimpigie kumfundisha kusafisha? Ataona namkagua." Hakupiga.

Alipopewa ruhusa nilimsindikiza. Tulifika mchana, na uani kumejaa watu. Wamefagia, wamefua mapazia, wamepika. Mama jirani akamshika mkono akamwingiza ndani kama bwana harusi. "Baba, njoo uone! Tumekufanyia kitu!" Walichangishana maji. Wale wale waliokuwa wakisema, kila nyumba ilitoa dumu lake, kiangazi kile, na vidonge vya dawa ya maji wakatia mara mbili ili samaki wasipate kipindupindu. Mawe yameoshwa kwa sabuni ya unga. Sponji imekuwa nyeupe. Lile tangi lilikuwa linang'aa kuliko la Mombo. Na samaki wote walikuwa juu, midomo nje ya maji, wanapumua haraka haraka.

"Tazama wanavyokuamkia!" akasema mama jirani. "Tangu asubuhi wako juu hivyo, wanakungoja!" Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya mzee, niliona mgongo wake ukikakamaa. Mkewe kitini alikuwa akiwafuata kwa jicho. Kulikuwa na mtungi wa maji ya kunywa uani, yametulia, hayana dawa, bado angeweza kuwahamishia humo akaokoa wachache. Angesema neno moja tu. Akageuka, akawatazama wale watu wenye madumu matupu, akasema, "Ahsanteni. Mmenifanyia kubwa." Akaketi akala pilau nao. Walipoondoka mmoja mmoja ndipo akavuta pazia mbele ya tangi. Kambare ndiye aliyekufa wa mwisho. Kesho yake aliwatangazia majirani kwamba samaki wale walikuwa wazee, siku zao zilifika.

Mkewe aliacha kuguna. Mzee yule alianza upya, maana alikuwa mgumu: akaweka maji, akangoja yakomae, akapata samaki wachache. Mguno haukurudi, ila jicho lilirudi kidogo. Ndivyo alivyokuwa mpaka presha ilipomwangusha kwenye bustani yake ya mchicha.

Tulipomaliza kuzika, mama jirani alinivuta pembeni, karibu na lile tangi. Maji yalikuwa yamepungua, kioo kimeanza kuota kijani, na hakuna aliyethubutu kukigusa. "Babu, wale wa kwanza niliwaua mimi, sivyo?" Nikainama kutazama kioo. "Nilimwona anaanika ndoo juani kabla ya kumimina. Nikajiuliza mbona mimi nilimimina tu. Kila nikimuuliza ananiambia walikuwa wazee." Akajifuta kwa ncha ya khanga. "Afadhali angenitukana, Babu. Angenitukana ningejua. Sasa kaniachia hawa, naogopa nikiwagusa nawaua, nisipowagusa wanakufa, na mkewe ndiye huyo anaangalia." Ndipo nikaielewa ile simu ya sokoni.

Nikamwambia niliyoyakumbuka ya wodini: ndoo ianikwe, maji yatolewe kidogo, sponji isuuzwe kwenye maji yaleyale ya tangi, sabuni mwiko. Akauliza, "Kidogo kiasi gani?" Sikujua. Aliyejua tumemfukia asubuhi ile. Juzi nimepiga simu kuulizia, ameniambia amebaki mmoja, wa mkia, na anakaa chini sana.

Sisi wazee tumelelewa kumeza. Tunameza ugali mbovu, tunameza kosa la jirani aliyetutakia mema, na watu wanatusifu. Mimi nami nilimsifu. Lakini nimekitazama kiti kile mbele ya kioo, na sisifu tena. Kama kuna kitu chako kinachoishi kwa sababu wewe unajua namna yake, mwambie jirani leo, hata akinuna. Kununa kutakwisha. Yule mjane ameketi pale sasa hivi, jicho moja kwenye maji, na hakuna mtu Handeni nzima anayeweza kumwambia muuza maandazi kidogo ni kiasi gani.